Mabuti ya Kibanda cha Nne

Machi 11

Nimefika nimelowa chapachapa. Gari lilitushusha lami ilipoishia, na kutoka hapo ni miguu tu, kupanda, msitu kulia, msitu kushoto, begi linanivuta nyuma kama mtoto asiyetaka shule. Kambi yenyewe ni vibanda sita vya mbao juu ya nguzo, jiko, na baraza moja ndefu ya kulia chakula. Umeme ni wa jua, na jua lenyewe halipo. Choo hakina maji. Ukimaliza unamwaga maranda ya mbao kwa kopo. Meneja, kijana wa shati safi, alinieleza haya kwa fahari, akaninyang'anya sabuni yangu kwa sababu eti inaua vyura. Mtu mzima na akili zake anaacha nyumba yenye bomba, anakuja kuteseka huku na kuita mapumziko.

Mpishi ni mama wa makamo, kila mtu anamwita Shangazi. Aliponiona nahema na begi langu akaniita Konokono, maana nimebeba nyumba mgongoni. Nilicheka. Sikuwa nimecheka kwa muda mrefu. Yeye akaacha kucheka ghafla, akanitazama, akarudi jikoni.

Nilisema nataka Kibanda cha Nne. Shangazi alidakia kwamba kinavuja. Meneja akasema hakivuji. Nimo humu sasa, mvua inapiga bati, hakivuji.

Hawajui mimi ni nani, na sitawaambia bado. Kaka yangu alilala kwenye kitanda hiki masika ya mwaka jana. Alikuja kama mimi, begi mgongoni, mtu wa kutembea tu. Hatukumwona tena. Kambi ilituambia hivi: siku ya mwisho alikwenda matembezi, ukungu ukashuka, akarudi salama, mabuti yake yakakutwa yametundikwa mahali pake. Asubuhi hakuwepo, wala begi lake. Basi ameondoka mwenyewe bila kuaga. Walimtafuta stendi, wakamtafuta mjini, wakachoka.

Mama yangu ameishi juu ya maneno hayo mwaka mzima. Kaondoka kwa miguu yake, anasema, ana hasira zake, zitaisha. Baba Mdogo aliwahi kuja na wazee kusema tukae msiba, mama akawafungulia mlango watoke. Mimi aliniambia hivi: "Nenda. Usinirudie na maneno ya watu, nirudie na neno lako."

Machi 12

Mafunzo ya wageni. Aliyetufundisha ni mwongoza njia, mwanaume mrefu asiyepoteza maneno. Wanamwita Bwana Njia.

Kila kibanda kina jozi yake ya mabuti ya mpira na kigingi chake ukutani, barazani. Ukienda msituni unavaa, ukirudi unatundika. Ukungu ukishuka, Bwana Njia anagonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti karibu na jiko, nawe unaifuata sauti. Anagonga mpaka vigingi vyote vijae. Ukipotea kabisa, usitangetange. Simama, okota fimbo, gonga shina la mti, watu wa kambini watakusikia.

Nilimuuliza kama amewahi kumpoteza mtu. Alinitazama miguuni, si usoni, akasema mabuti ya Nne ni madogo, nivae soksi nyembamba. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu nitamwangalia.

Machi 14

Mvua.

Machi 16

Leo Jumapili, siku ya kumpigia mama. Simu inashika mahali pamoja tu, juu ya kisiki nyuma ya jiko, nawe usimame umenyooka kama askari wa gwaride. Aliuliza, "Umemwona?" kama vile kaka kaenda dukani. Nikasema bado. Akaniuliza kama nina sweta.

Machi 19

Ukungu ulishuka alasiri kama mtu amefunika chungu. Bwana Njia akagonga. Mgeni mwingine aliyeko ni mzee mmoja mstaafu anayepiga picha za ndege. Alifika akitweta, akatundika mabuti yake. Yangu yalikuwepo. Vigingi vimejaa. Bwana Njia akaendelea kugonga.

Kisha akaacha, akainamisha kichwa. Na mimi nikasikia. Chini kule, upande wa korongo: ko, ko. Kimya. Ko. Kama mtu anayegonga mti kwa fimbo.

Nilimuuliza Meneja, akasema ni kigong'ota, ndege anayetoboa miti. Mzee wa picha alikuwa anafuta kamera yake. Akasema kwa upole kwamba ana miaka mingi na ndege, na hajaona kigong'ota anayefanya kazi kwenye mvua.

Machi 20

Ko, ko. Saa ileile ya mvua.

Machi 23

Mama: "Umemwona?" Mimi: bado.

Machi 27

Nimeanza kumzoea Shangazi, na nasema wazi, nampenda. Anachambua maharagwe huku akiwasema wenzake. Meneja anamwita Shati. Ananipa ukoko wa mkate kabla ya wageni wengine. Ana ugonjwa wa usafi: ukiweka kikombe chini kimeshaoshwa, ukivua kandambili unazikuta zimepangwa. Mume wake alimkimbia, anasema, kwa sababu alimfua na suruali mwilini.

Hataki kusikia habari za kugonga. Mvua ikianza anawasha redio, na redio yenyewe haishiki chochote ila makelele.

Aprili 2

Mabuti haya yananiua vidole. Siku ambayo haina matope mengi nakaa ngazi za jikoni, nayavua, navaa viatu vyangu, napanda njia kidogo. Nikirudi nayakuta yameoshwa na yametundikwa. Mkono wa Shangazi huo.

Aprili 6

Nimefuma shutuma zangu vizuri. Bwana Njia ananikwepa. Nikiingia barazani anatoka. Nikimtaja mgeni wa mwaka jana wa Kibanda cha Nne, anasema hakumbuki. Nimeona kwa macho yangu akigonga rimu wakati wageni wote tumekaa mbele yake tunakunywa chai. Mtu asiye na deni na msitu anamwita nani?

Mama aliuliza kama kawaida. Nikamwambia nimeanza kuona mwanga. Sikupaswa kusema vile. Alifurahi sana.

Aprili 9

Mzee wa picha ameondoka kabla ya siku zake. Amesema ndege wamekwisha. Ndege wapo, wananiamsha kila siku.

Aprili 10–14

Mvua, mvua, mvua. Ukungu wa ukutani umeota kwenye mkanda wa begi. Kitabu hiki kinanuka kabati la bibi. Kila alasiri rimu inalia, kila alasiri korongo linajibu. Nimejikuta naisubiri, kama mtu anayesubiri hodi.

Usiniulize naamini nini. Mimi ni fundi cherehani, naamini ninachoshika. Lakini jana baada ya ile ko ya mwisho nilijibu kimoyomoyo: karibu.

Aprili 20

Wamekuja maharusi wawili, wanatazamana tu. Leo bibi harusi kasikia kugonga, kalia, akataka waondoke. Meneja akamwita Bwana Njia mbele yetu sote, akamwambia kuanzia sasa vigingi vikijaa rimu inanyamaza, la sivyo atafute msitu mwingine. Bwana Njia alisema, "Kuna mtu nje." Meneja akamwonyesha ukuta. "Hesabu mwenyewe." Mabuti yote yalikuwepo. Bwana Njia akashusha chuma.

Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Niliona woga, na si woga wa mtu mwenye hatia.

Aprili 21

Rimu ikanyamaza mapema. Chini kule iliendelea peke yake. Shangazi akafungua redio mpaka mwisho.

Aprili 28

Naandika usiku, sijalala.

Mchana palikuwa na jua, la kwanza kwa wiki nzima. Shangazi alikuwa ameingia ghalani, Bwana Njia anapasua kuni nyuma ya vibanda, maharusi wamelala. Nikajisemea leo nashuka korongoni, mchana kweupe, nione hicho kinachogonga. Nilikaa ngazi za jikoni, nikavua mabuti, nikavaa viatu vyangu. Begi nililibeba, kwa sababu mimi na begi langu ni kama kaka na begi lake. Alikuwa haendi hata chooni bila begi. Tulikuwa tunamcheka nyumbani.

Njia ya korongoni si ngumu. Inateleza tu, na miti imebanana. Nilishuka hadi nikaanza kusikia maji. Hapo nikaona mikono yangu haina vidole vizuri, kisha sina mikono. Ukungu ulikuwa umeingia bila mlango.

Sikuogopa mwanzoni. Rimu ikaanza, ngaa, ngaa, juu kushoto kwangu. Nikageuka, nikaifuata nikishika mizizi. Mvua ikafungulia. Nikajikwaa, nikainuka, rimu bado ipo, nikasema asante Bwana Njia, nilikusema vibaya.

Rimu ikanyamaza.

Nilisimama. Nilijiambia anapumzisha mkono. Sikusikia kitu ila maji, yanatoka juu, yanatoka chini, na mimi katikati sijui uso wangu unatazama wapi. Ndipo nikaelewa kwamba haanzi tena. Huko juu ukuta umejaa. Wamehesabu, nimo.

Ule woga siwezi kuuandika. Nilikuwa nimefikishwa nyumbani bila mimi mwenyewe.

Nikaokota fimbo, nikafanya nilivyofundishwa. Nikagonga shina mara tatu. Nikapata jibu, lakini halikutoka kambini. Lilitoka nyuma yangu, chini, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono akakupa chai. Ko, ko. Nikajiambia mwangwi. Mwangwi haupunguzi hesabu.

Niliita, "Kaka?"

Ko.

Nililia. Naandika kama ilivyokuwa. Nilitaka kumwendea, miguu ilikuwa imeshaanza. Niliwaza mama atakavyofurahi. Wazo la kijinga, lakini ndilo lililokuja. Na hapo rimu ikapiga tena huko juu, vibaya, haraka haraka, bila mpangilio, kama mtu anayepiga mwizi. Aliyekuwa anagonga hakuwa Bwana Njia.

Nilimpa kaka yangu mgongo, nikapanda. Kila nilipogonga mguu kwenye mzizi nilisikia nyuma yangu ko, ko, na sikugeuka.

Nilimkuta Shangazi chini ya ule mti, kilemba kimedondoka, anapiga rimu kwa mchi wa kutwangia, analia kwa sauti. Bwana Njia alikuwa anajaribu kumnyang'anya, anamwambia mama tulia, vigingi vimejaa. Aliponiona mimi natoka kwenye ukungu na viatu vyangu vya kawaida, akamwachia. Akageuka kutazama ukuta. Mabuti ya Nne yalikuwa yametundikwa, meupe kwa kuoshwa.

Shangazi akasema, "Nimeyatundika mimi. Nimeyakuta ngazini, nikayaosha, nikayatundika. Kama yale ya kwanza."

Bwana Njia akasema, "Ya kwanza yapi?"

Shangazi alinitazama mimi. "Mwanangu, ya kaka yako."

Aprili 29

Alijua tangu siku ya kwanza. Nacheka kama kaka, anasema. Ndiyo maana kibanda kilivuja.

Mabuti yalimbana kaka kama yanavyonibana mimi. Siku ile aliyavua ngazini mchana, akavaa viatu vyake, akashuka na begi lake. Shangazi akayakuta, akayaosha, akayatundika, akasahau, maana hicho ndicho afanyacho kila siku kwa kila kitu. Mvua ilikuja baadaye. Rimu ikapigwa, ukuta ukahesabiwa, ukuta umejaa, rimu ikanyamaza. Kesho yake waliposema karudi maana mabuti yalikuwepo, akakumbuka kwamba aliyaosha kabla hata tone halijaanguka. Akafungua mdomo, akaufunga. Kesho yake ikawa vigumu zaidi. Wiki iliyofuata ikawa haiwezekani. Na walikuwa wanamtafuta stendi. Hakuna aliyeshuka korongoni hata mmoja.

Bwana Njia alisikiliza akiwa ameketi chini, matopeni. Mwaka mzima alidhani amerukwa na akili. Siku ile alimwambia Meneja anasikia mtu anagonga, akaonyeshwa ukuta, naye akauamini ukuta kuliko masikio yake. Hakusema neno baya kwa Shangazi. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Ningegonga mpaka asubuhi."

Mei 1

Sili jikoni. La kuvunda halina ubani. Analeta sahani, anaiweka ngazini, naiacha pale na sisimizi wapate.

Mei 4

Mama aliuliza. Nikasema bado, kwa sababu bado. Mvua hairuhusu mtu kushuka, korongo limejaa maji.

Nimemchukia mwanamke huyu kwa siku sita na nimegundua ni kazi ngumu. Asubuhi namsikia akiosha vitu vilivyokwisha kuoshwa.

Mei 8

Maharusi waliondoka. Meneja haninyanyulii macho. Alikuja na maneno yake ya ofisini, "tukio la kusikitisha", nikamwomba sabuni yangu. Akanirudishia.

Mei 11

Mvua inapungua. Bwana Njia ananoa panga. Kugonga ni kwa mbali sasa, mara moja tu, halafu basi.

Mei 14

Tumempata.

Mei 15

Askari walikuja, wakaandika, wakamchukua kwa machela. Nilitembea nyuma yake mpaka lami.

Hakuwa mbali. Hili ndilo linaloniua. Alikuwa ameteleza kutoka njiani hadi chini ya ukingo, mguu umevunjika, begi likiwa bado mabegani, limeota majani. Kutoka pale tulisikia sufuria za jikoni. Shina alilokuwa ameegemea lilikuwa na kovu upande mmoja, mahali gamba lilipogongwa hadi likachubuka, na mti ukajaribu kulifunika. Bwana Njia aliweka kiganja pale, akakaa nacho muda mrefu.

Mei 16

Mvua alasiri. Ukungu. Hakuna aliyekwenda kwenye rimu. Tulikaa barazani mimi na Bwana Njia, tumekaza shingo, tunasikiliza. Hakukuwa na kitu. Nilidhani nitapata nafuu. Nimeusikiliza huo ukimya mpaka masikio yakauma, na nikajikuta naomba, hata mara moja tu.

Mei 18

Jumapili. Askari walitaka kumpigia mama simu wenyewe, nikawakatalia. Neno liwe langu, alisema.

Nilipanda kwenye kisiki. Akauliza, "Umemwona?"

Nikasema, "Nimemwona, mama." Kwa kupumua nilikopumua akajua. Hakupiga kelele. Nilisikia kiti kinavutwa, akakaa. Nikamweleza: msitu, ukungu, mguu. Kwamba hakuondoka kwa hasira. Kwamba alikuwa anarudi.

Kisha akauliza, "Siku hiyo alikuwa amekula?"

Sikujua. Mwaka mzima nimetafuta kila kitu, hilo sikuwahi kuwaza. Mlangoni pa jiko alikuwa amesimama Shangazi, mikono ndani ya kitambaa. Sikuwa nimeongea naye tangu siku ile. Nilishuka kwenye kisiki, nikampa simu, nikamwambia ni mama yake kaka, anauliza kama alikula.

Alipanda. Mama mzima, amesimama wima kwenye kile kisiki.

"Alikula, dada," alisema. "Mimi ndiye niliyempikia. Viazi na mboga. Akaomba aongezewe, nikamwongeza, akaniambia nimemkumbusha nyumbani." Akafuta uso. "Dada, nina neno lingine. Ni zito. Ni langu."

Nilisogea pembeni hadi penye kuni. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na sikutega sikio. Kisha hakuzungumza tena, alisikiliza tu, akiitikia kwa kichwa kama vile mama anamwona. Mwishoni alikaa palepale juu ya kisiki, akaninyooshea simu bila kunitazama.

Nilitegemea mama angenililia. Sauti yake ilikuwa kavu na imechoka, sauti yake ya asubuhi.

"Nakuja na Baba Mdogo kumchukua kaka yako," alisema. "Huyo mama hana mtu hapo. Kaa naye mpaka nifike."

Mvua ilikuwa imeanza. Nikamshika Shangazi mkono, nikamshusha, tukaingia jikoni.